Sinia la Pili

Mwanamke anayetaka kumwacha mume huwa ana namna yake ya kuaga. Wengine hugomba, wengine hufunga virago mchana kweupe ili majirani wapate cha kusimulia. Gego yeye aliamua kumsaidia mumewe kununua kompyuta.

Msicheke. Jambo hilo alilipima, akaligeuza, akaona linafaa. Jumapili angepanda basi kwenda mji wa mbali kwa dada yake mkubwa, ambako kazi ilikuwa imeshapatikana na chumba kimeshafagiliwa. Mume hakuambiwa. Na mume huyo siku nyingi alikuwa akitamani kompyuta ya kuchezea gemu, ile ya kuunganisha mwenyewe, unachagua kipande kimoja kimoja kulingana na mfuko wako. Basi Gego alijiambia: nitakwenda naye dukani, nitaongezea pale pesa zake zitakapogota, ili nikiondoka awe na kitu cha kumkalisha nyumbani. Kwa maneno mengine, alikuwa akimtafutia mwenzie.

Jina la Gego alipewa kazini, kwenye maabara ya meno bandia, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumshinda kuchonga magego. Jina likamfuata mpaka nyumbani. Mumewe naye aliitwa Ghorofa, kwanza kwa urefu, pili kwa sababu alikuwa fundi wa lifti na maisha yake yote aliyamaliza kupanda na kushuka majengo ya watu.

Mtauliza, je, hakujisikia vibaya kumfanyia mumewe mambo ya kisirisiri? Hapo ndipo penye kisa. Hakujisikia vibaya. Hakujisikia vizuri pia. Aliyewahi kuchomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno anajua hali ile: mdomo upo, unauona kwenye kioo, unaongea nao, lakini hata ukijiuma huna habari. Gego alikuwa hivyo mwili mzima, na si tangu jana.

Hakuna kilichokuwa kimetokea. Laiti kingetokea, angekuwa na cha kumweleza mtu. Ghorofa hakuwa mlevi, hakuwa na mwanamke nje, mkono wake hakuwahi kuuinua. Ila lifti za mji mzima zilikuwa zikikwama usiku, naye alikuwa akiitwa usiku. Akirudi asubuhi, mkewe yuko mlangoni anavaa viatu. Zamani waligombana kwa sababu hiyo, na kugombana kwao kulikuwa na raha zake, maana kulikuwa na kusuluhishana. Kisha wakaacha kugombana. Majirani wakasema wametulia, na kumbe hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Basi Ijumaa ile, siku ambayo kwa bahati wote wawili walikuwa mapumziko, wakapanda ngazi hadi duka la Mama Feni.

Lilikuwa duka refu, jembamba, katikati ya mwenye kurekebisha saa na mwenye kushona suti. Feni za kompyuta zilitundikwa ukutani kutoka mlangoni hadi mwisho, kubwa na ndogo, nyingine zinazunguka, nyingine zimekaa tu. Chini yake alikaa mwenyewe, mama mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na sauti ya mtu asiyependa kusumbuliwa lakini anayependa sana kuongea.

Mama Feni alikuwa na utaratibu wake. Kwake huoneshwi orodha, wala hutajiwi bei kwa mdomo. Unapewa sinia kubwa la bati, lile la kupakulia wali, halafu nyuma yako kuna rafu zimejaa maboksi matupu ya kila kipande, kila boksi limebandikwa bei yake. Unachukua boksi unaweka kwenye sinia. Likijaa unajumlisha. Bei ikizidi mfuko, unatoa moja unaweka jingine. Alisema mtu akiona tamaa yake imelala kwenye sinia mbele ya macho, akili humrudia yenyewe.

"Karibuni. Nani anacheza?" aliuliza.

"Mimi," alisema Ghorofa.

"Anacheza yeye," alisema Gego papo hapo.

"Nimesikia, bibie, sikuziba masikio. Unacheza nini, mwanangu? Kabla hujagusa boksi uniambie unacheza nini, maana wengi wanakuja kununua kompyuta ya kurusha roketi, kumbe wanacheza karata."

Ghorofa alijikuna shingo. Alikuwa akiona haya kwa mambo madogo, mwanaume yule, na zamani haya ile ilimyeyusha Gego kabisa. "Michezo ya watu wawili," alisema.

"Ya kupigana?"

"Hapana. Ya kushirikiana. Mnalima shamba, mnajenga nyumba. Kuna mmoja mnapika pamoja, jiko linawaka moto, wateja wanapiga kelele."

"Nimeuelewa huo. Mchezo huo umevunja ndoa nyingi." Mama Feni akasukuma sinia. "Haya, weka."

Gego alidhani watu wawili maana yake ni Ghorofa na mwenzake mmoja wa zamu, ambao waliongea gemu mpaka chakula kikapoa. Aliridhika. Mtu atakuwa na rafiki wa kucheza naye, hata kuondoka kutakuwa kwepesi. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya kadi za grafiki, kwa sababu alikuwa amesikia hiyo ndiyo roho ya kompyuta ya gemu, akachukua boksi lililokuwa kubwa kuliko kichwa cha mtu, akaliweka kwenye sinia.

Ghorofa alitazama bei iliyobandikwa. "Hii inakula nusu ya pesa."

"Nitaongezea."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Wewe si unataka kompyuta nzuri?"

Ghorofa alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea giza la shimo la lifti, makubwa, yasiyo na haraka. Na ndiyo macho ya kwanza ambayo Gego aliyaona siku ile, kabla hawajajuana, alipokwama ndani ya lifti kati ya ghorofa na ghorofa na mlango ukafunguliwa upenyo. Lakini kabla ya macho aliisikia sauti. "Dada, usiogope, niko juu yako hapa, niambie umekula nini leo." Akamweleza alichokula, akamweleza na vingine vingi, na lifti ilipokaa sawa hakutaka kutoka. Kisa hicho walikisimulia kwenye kila sherehe. Sasa macho ni yaleyale, yamemtulia usoni, na Gego alingoja moyo ufanye chochote. Moyo ulikaa kimya.

Ghorofa akalitoa boksi kubwa, akaweka dogo.

Gego akalirudisha kubwa.

"Mama," Ghorofa alimgeukia mwenye duka, "nikichukua prosesa yenye grafiki ndani yake, kadi sihitaji kabisa. Si ndiyo?"

"Kwa hiyo michezo uliyotaja, ndiyo. Ila usiweke ramu moja kubwa, weka mbili ndogo zinazofanana. Prosesa ya aina hiyo haina kumbukumbu yake ya picha, inaazima kwenye ramu, na ikiwa na ramu mbili inaazima haraka zaidi. Na pawa saplai, kile kipande cha kugawa umeme, usibane hata kidogo. Watu wanabana hapo kwa sababu haina taa, haionekani, halafu ikipasuka inaondoka na vyote."

"Achana na prosesa hizo," alisema Gego. "Mpe kadi. Baada ya mwaka itakuwa imepitwa, atajuta."

"Sitajuta."

"Utajuta, nakujua. Utakaa nayo peke yako, halafu..."

Ulimi ulikuwa umeteleza. Mama Feni alishusha miwani ya kichwani akaiweka juu ya ile ya puani, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mimi nimeuza vitu hivi mpaka nimeota mvi," alisema. "Wanaume huja na wake zao hapa, mume anaongeza, mke anatoa. Leo ndiyo mara ya kwanza naona mke anaongeza na mume anatoa. Mmoja wenu ana siri."

Kwa bahati simu ya Gego ikalia, naye akatoka nayo hadi kwenye kibaraza cha ngazi, mbele ya mwenye suti.

Ni dada yake mkubwa.

"Umeshapanga mizigo?"

"Bado kidogo. Niko dukani."

"Duka gani?"

Gego akamwambia. Upande wa pili dada mtu akaguna mguno ambao angeweza kuusikia hata bila simu.

"Mdogo wangu, una akili timamu? Unamnunulia mwanasesere mtu unayemwacha?"

"Pesa nyingi ni zake. Mimi naongezea tu."

"Unaongezea. Na kule unakuja na nini, mikono mitupu? Nilisema tangu mwanzo, huyo si mume wa mtu, ni mume wa lifti. Usiku anaitwa, mchana kalala, wewe umekaa katikati kama pazia. Tulipokukatalia ulilia siku nzima, ukatutolea maneno, ukasema bila yeye utakufa. Leo nani anakuja kukupokea? Si mimi?"

"Ni wewe, Dada."

"Umeshamwambia?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini, ukishafika huku?"

Gego alitazama suti zilizoning'inia bila mikono. Alijua angepaswa kukasirika, ama kwa niaba ya mumewe, ama kwa niaba yake mwenyewe. Alikumbuka siku aliyolia ile, jinsi alivyosikia maumivu mpaka kwenye meno. Alimwonea wivu yule msichana aliyekuwa yeye zamani, akili zake zote hazijatulia lakini yuko hai.

"Nitamwambia leo," alisema. "Jumapili niko kwenye basi."

Aliporudi ndani alikuta boksi kubwa la kadi limerudishwa kwenye rafu. Juu ya sinia kulikuwa na prosesa ya bei ya kati, bodi ya kawaida ya kushikizia vipande vyote, ramu mbili, diski, pawa saplai nzuri na kasha la bati lisilo na kioo wala taa. Kompyuta ya mtu mwenye adabu. Ukijumlisha, ilikula nusu tu ya pesa. Na Ghorofa alikuwa amesimama kaunta, mikono yake mirefu haina pa kukaa.

"Kadi iko wapi?" aliuliza Gego.

"Nimeitoa."

"Tulikubaliana nini?"

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilikuwa natazama tu."

"Kila siku unasema unataka mashine yenye nguvu. Leo nimekuja, nimeacha shughuli zangu, nakwambia naongezea, wewe unachagua kama unanunua ya kuandikia barua. Unataka nini hasa?"

Ulikuwa ugomvi kwa maneno tu. Sauti yake mwenyewe aliisikia tambarare, kama mtu anayesoma tangazo. Ghorofa alimgeukia mwenye duka, akasema polepole:

"Mama, nipe sinia la pili."

Mama Feni akainama chini ya kaunta, akatoa sinia jingine, akalipangusa kwa kanga yake, akaliweka kando ya lile la kwanza. Ghorofa akaanza kuweka maboksi. Prosesa ileile. Ramu mbili zilezile. Diski ileile, pawa saplai ileile. Alipofika kwenye makasha aliliacha lile la bati la bei rahisi, akachukua jingine dogo, dogo kabisa, lenye mpini juu.

"Hilo dogo ni ghali kuliko kubwa," alimwonya Mama Feni. "Unalipia udogo wake."

"Najua."

"Na hii ya nani?"

"Ya mke wangu."

Gego alitazama masinia mawili. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alielewa kila kitu kilichowekwa na kilichotolewa: kwa nini kadi haikutakiwa, watu wawili ni akina nani, na huyu mtu alikuwa akibana nini na kwa ajili ya nini. Pesa za kompyuta moja ya ndoto yake alizigawa katikati zikawa mbili za kawaida. Hapo mwanamke mwingine angelia. Gego alifungua mdomo, na lililotoka lilikuwa jepesi kuliko yote aliyokuwa ameyapanga kusema.

"Moja inatosha."

Ghorofa aliacha mkono wake juu ya boksi. Feni za ukutani ziliendelea kuzunguka. Mama Feni, ambaye kwa kuongea hakuwa na mshindani, alikumbuka ghafla kuwa kuna bisibisi imepotea huko nyuma, akaenda kuitafuta.

"Moja inatosha," Gego alirudia. "Nina jambo la kukwambia."

"Najua."

"Hujui."

"Najua unaondoka. Siku ndiyo siijui."

Alimtazama mumewe kama amtazamaye mtu mgeni. "Nani kakwambia? Dada?"

"Dada yako anipigie simu mimi? Hapana. Ni mashine ya kufulia."

"Nini?"

"Wiki iliyopita ulinionyesha namna ya kuiwasha." Ghorofa aliongea akiwa ameinamia kaunta. "Tangu tuoane ukinikuta karibu nayo unanifukuza, eti nitachanganya nguo nyeupe na za rangi. Halafu ghafla unaniita, unanifundisha kwa upole, sabuni hapa, maji hapa, hata hukunisema nilipokosea. Nikajua. Mwanamke wangu hawezi kuniachia mashine ile kama ana mpango wa kuitumia tena."

Kitu kama kicheko kilimpanda Gego kooni kikaishia njiani. "Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Hukukasirika?"

"Nililia. Nilikuwa ndani ya shimo, juu ya lifti, nikasema hapa hakuna atakayenisikia. Nikasahau simu ya upepo iko wazi. Mwenzangu alisikia yote kule chini, na mwenye jengo alikuwa amesimama naye."

Aliyasema bila kujaribu kuchekesha, na labda ndiyo maana yaliuma. Gego alishika ukingo wa kaunta.

"Sikuchukii," alisema. "Sitaki ukae ukifikiri nakuchukia. Hakuna ulichonikosea cha kuniondoa. Ni kwamba sisikii kitu. Si kwako tu, kwa kila kitu. Mama yako alipougua nilipika uji nikampelekea, nikamlisha, nikatabasamu, watu wakanisifu. Sikusikia kitu. Jino likinikatikia mkononi kazini, zamani ningetukana. Siku hizi naanza jingine. Nikikuona umelala, nakuona umelala, basi."

"Nilidhani ni mimi tu usiyenisikia."

"Afadhali ingekuwa wewe tu."

Ghorofa akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayepewa maelezo ya lifti iliyokwama. "Na huko kwa Dada utasikia?"

"Sijui. Anasema nikibadilisha hewa huenda."

"Inawezekana."

"Ndiyo maana ya kasha dogo?" aliuliza Gego. "Lenye mpini?"

"Linaingia chini ya kiti cha basi. Nililipima kwa macho." Sasa sauti ilianza kumpungukia. "Nilifikiri, ukishafika huko, jioni ukitoka kazini unawasha yako, mimi nawasha yangu. Tunalima shamba la kijinga lile. Wewe unapanda, mimi namwagilia. Hata kama hatuongei. Ningeona tu kwenye skrini kuwa upo, unatembea tembea. Mashine kubwa ya kunifanya nini mimi, nikae nayo ndani nikipiga mazimwi?"

"Kwa nini hukunikataza?"

"Ningekukataza ungebaki."

"Si ndilo unalotaka?"

"Ungebaki hivyo hivyo ulivyo, kwa kunitii. Ningekuwa mlinzi tu hapo, nalinda mtu ambaye hayupo."

Na hapo, hapo kabisa, kitu kilimchoma Gego. Kilikuwa hasira. Ndogo, ya upande mmoja, lakini hasira ya kweli: kwamba mwanaume huyu alikaa na jambo hili wiki nzima, akala chakula chake, akamwitikia salamu, akamkadiria mpaka na kiti cha basi, bila kumpigia hata kelele moja. Alitaka kumpiga ngumi ya bega. Hakuwa amemtamani kiasi hicho siku nyingi, hata kwa ngumi. Kisha hasira ikapungua, ganzi ikarudi mahali pake, ila ilikuwa imechelewa kidogo, naye akaona jinsi ilivyochelewa.

"Wewe ni mjinga," alimwambia.

"Mama yangu anasema hivyo hivyo. Anasema mtu mzima na gemu."

"Mama yako ana haki."

Mama Feni akarudi, mkononi hana bisibisi yoyote. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo nyuma ya miwani mbili, lakini biashara ni biashara.

"Samahani, wanangu. Hili sinia la kwanza limekamilika. Hili la pili halina bodi, na bila bodi sinia haliendi popote. Ninazo za aina mbili." Akaweka maboksi mawili kaunta. "Hii ina wai-fai yake ndani. Unakwenda nayo popote, nyumba ya kupanga, kwa ndugu, hotelini, inashika mtandao hewani. Hii nyingine haina. Hii mpaka uchomeke waya, ikae karibu na pale intaneti inapoingilia nyumbani. Ni rahisi zaidi, lakini ukihama nayo itakusumbua. Nikupe ipi?"

Alimuuliza Ghorofa. Ghorofa alitazama maboksi yale mawili, kisha akayasukuma upande wa Gego.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Ni ya kwake."

Sasa nyinyi mnataka niwaambie kwamba mapenzi yalimrudia pale kaunta, kwamba alisikia kengele kichwani. Hayakurudi. Alisimama mbele ya maboksi mawili matupu akajitazama ndani kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba uleule aliokwisha kuupekua. Alijiona kwa Dada, kitandani kwenye chumba kilichofagiliwa, anahojiwa kila asubuhi kama ameshajisikia nafuu. Ganzi ingepanda naye basi, haikuhitaji tiketi. Halafu akajiona nyumbani, kwenye meza ya sebuleni, bega kwa bega na mtu mrefu anayemwagilia mboga za uongo na hamuulizi kitu. Picha zote mbili hazikumpa raha. Lakini moja ilikuwa na nafasi ya kukaa.

"Ya waya," alisema.

"Umenielewa lakini, bibie? Hii haihamihami."

"Nimekuelewa, Mama."

Mama Feni akachukua lile boksi la bei rahisi akaliweka kwenye sinia, akaanza kujumlisha kwa sauti, akakosea, akaanza upya.

Gego alitoa simu akampigia dada yake palepale, kwa sababu alijua akifika nyumbani hatapiga.

"Dada, Jumapili siji. Na kile chumba mpe mwingine."

"Amekulisha nini huyo?"

"Hajanilisha kitu. Hata maji hajaninunulia."

"Amekuomba msamaha? Amekuahidi ataacha kazi za usiku?"

"Hapana."

"Sasa umebakia nini?"

"Sijui, Dada. Nikijua nitakupigia." Akakata kabla ya mguno.

Alipogeuka, Ghorofa alikuwa akilia, bila sauti, mtu mzima na urefu wake wote, katikati ya duka la watu, na mwenye suti amechungulia mlangoni na futi ya kitambaa shingoni.

"Usifurahi," Gego alimwambia.

"Sijafurahi."

"Umefurahi, nakuona. Nakwambia mapema: bado sisikii kitu. Kesho naweza kuamka nisisikie, na keshokutwa. Nimechagua tu mahali pa kukaa wakati sisikii."

"Sawa."

"Na zile simu za usiku, tutagombana juu yake. Nataka tugombane."

"Leo?"

"Leo jioni."

"Sawa," alisema Ghorofa, akijifuta uso kwa kiganja. Kisha akanyoosha mkono kati ya masinia mawili, akaushika mkono wa mkewe kwa uangalifu, kama anayeshika kitu ambacho si chake. Gego alitazama vidole vyake ndani ya vile vya mumewe. Vilikuwa baridi na havikumpa habari yoyote. Hakuutoa mkono.